Haiwaki, inazima njiani, inavuja: kutafuta ubovu wa pikipiki kuukuu za Kiingereza

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Mombasa. BSA B31 ya marehemu babu imelala bandani miaka na miaka, sasa ameipania. Tulipomaliza salamu akaanza kunihesabia: plagi mpya, petroli mpya, kabureta ameifungua mara tatu.

"Na bado, kaka. Inakohoa mara moja, halafu kimya."

"Moto umeuona?"

"Moto gani?"

"Wa plagi. Umeiona plagi ikitoa cheche, kwa macho yako?"

Simu ikawa kimya kama ile pikipiki.

Naishi Birmingham, si mbali na Small Heath ambako BSA zilikuwa zinatengenezwa. Norton zilitoka Bracebridge Street, Velocette zilitoka Hall Green, Royal Enfield zilitoka Redditch, Triumph zilitoka Meriden jirani na Coventry. Karibu ukoo mzima ulizaliwa eneo hili moja, na wajukuu wake bado wanaletwa kwenye banda langu wakiwa wagonjwa. Kwa miaka niliyozifungua nimeona mambo mawili yakijirudia. Kabureta husingiziwa makosa ya umeme. Na ubovu mwingi haukutoka kiwandani wala hauna uhusiano na uzee, uliletwa na mkono wa mwisho ulioshika spana. Kwa hiyo mtu akiniletea pikipiki, swali langu la kwanza ni: mara ya mwisho mligusa nini?

Kwanza, spana zenyewe

Fundi aliyezoea Boxer au Honda ana spana za milimita. Akifika kwenye nati ya BSA, 13 haiingii na 14 inacheza. Anachukua 14, anakaza meno, kona za nati zinaliwa. Nati ile ni ya Whitworth, kipimo alichokitoa Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841. Spana iliyoandikwa 1/4W ina mdomo wa inchi 0.525, yaani milimita 13.3. Hiyo robo inchi ni unene wa bolti, si upana wa kichwa chake, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Ile ya 5/16W ni milimita 15.2.

Hesi nazo, yaani meno ya bolti na nati, zina mambo yake. Ndani ya injini moja utakuta hesi nene za Whitworth kwenye aluminiamu, na zile laini za baiskeli zenye meno 26 kwa inchi kwenye chuma. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 viwanda vikaanza kuhamia hesi za UNF, kipimo cha Kimarekani, kwa hiyo pikipiki za miaka hiyo ni mchanganyiko. Bolti ikiingia mizunguko miwili kisha ikawa nzito, itoe. Ukiilazimisha, umeongeza kazi ya wiki nzima.

Haiwaki kabisa

Toa plagi, irudishe kwenye waya wake, ilaze juu ya kichwa cha silinda chuma kwa chuma, mbali na tundu lake na mbali na petroli iliyomwagika. Piga kiki. Cheche nzuri ni ya bluu na unaisikia, tik. Cheche nyembamba ya rangi ya chungwa haitoshi: ikiwa hewani unaiona, lakini ndani ya silinda iliyobanwa inakufa.

Hapa kuna mtego wa plagi mpya. Pikipiki za magneto, kile kifaa kinachojizalishia moto wa plagi bila betri, zinataka mwanya mdogo, inchi 0.018 hadi 0.020, kama nusu milimita hivi. Plagi nyingi za siku hizi zinatoka boksini zikiwa na mwanya wa milimita 0.7 au zaidi. Magneto yenye miaka 65, inayozungushwa na mguu wako tu, haiwezi kuruka mwanya huo. Mtu anabadilisha plagi ili aiponye, kumbe ndiyo kwanza anaizika.

Kama hakuna cheche kabisa, usianze kufungua magneto. Tafuta kwanza waya wa kitufe cha kuzimia injini. Kitufe kile kazi yake ni kupeleka moto kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki. Waya wake ukichubuka na kugusa fremu, ni kama umekibonyeza saa ishirini na nne. Ufungue kwenye magneto, piga kiki tena. Mdogo wangu alipofanya hivyo, cheche ikatokea. Waya ulikuwa umebanwa kati ya tanki na fremu tangu siku aliponyanyua tanki ili afikie kabureta vizuri.

Kama bado, nenda kwenye pointi, ile swichi ndogo ya magneto inayofunguka na kufunga ili cheche itoke. Magneto za Lucas, iwe Magdyno ya silinda moja au K2F ya silinda mbili, zinataka mwanya wa inchi 0.012, milimita 0.30. Tia fila geji, kile kibapa chembamba cha kupimia mwanya, pointi zikiwa zimefunguka mwisho. Halafu pitisha kipande cha karatasi nyeupe safi katikati yake, ziache zifunge, uivute taratibu. Ikitoka na mstari mweusi, pitisha nyingine mpaka itoke nyeupe. Oili kiasi cha alama ya kidole inatosha kuzuia moto wote.

Kazi inayosahaulika kuliko zote ni ile pete ya shaba ndani ya magneto, ambayo kaboni inaigusa ili kupeleka moto kwenye waya wa plagi. Fungua kishikio cha waya. Kaboni ndogo yenye springi itachungulia, angalia isije ikadondoka. Funga kitambaa laini kwenye kijiti, kiloweshe petroli kidogo, kisukume ndani kiguse pete, mtu mwingine azungushe injini polepole kwa kiki. Mara ya kwanza kitambaa kitatoka cheusi kama sufuria ya kuni. Badilisha kitambaa, rudia. Masizi hayo ni unga wa kaboni, na unga wa kaboni unapitisha umeme: cheche ilikuwa ikiteleza juu yake na kupotelea kwenye bodi badala ya kwenda kwenye plagi. Nimewahi kuona magneto iliyopelekwa kusukwa upya kwa pesa nyingi, kumbe ilihitaji kijiti na kitambaa.

Pikipiki yenye koili inayolishwa na betri, kama Triumph nyingi za miaka ya 1960, haina habari na haya. Yenyewe ikikosa betri imekosa moto, basi anza na betri. Mwanya wa pointi zake ni inchi 0.015.

Sasa cheche ipo nzuri lakini haiwaki. Piga kiki mara sita, toa plagi, itazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki: bomba la tanki, chujio, au hukubonyeza kile kitufe kilicho juu ya kabureta ya Amal mpaka petroli ikachuruzika. Vijana waliozoea choki hawakijui kitufe hicho. Ikiwa imelowa chepechepe, funga petroli, vuta mafuta hadi mwisho, piga kiki mara nyingi ikaushe, kisha anza upya. Ikilowa kila mara, floti imetoboka au sindano yake haifungi. Na kama kiki inakurudisha na kukupiga mguu, usiitukane bure. Moto unawahi mno: ama taimingi imesogea, ama ile lever ndogo ya kushoto ya kuchelewesha moto hukuirudisha.

Inawaka, inakwenda, kisha inazima njiani

Huu ndio ubovu unaowatoa watu machozi, kwa sababu ukifika kwa fundi haupo. Umesimama nusu saa, umepiga kiki, ikawaka, ukaonekana mwongo.

Swali la kwanza: ilizima vipi? Ikiwa ilikatika ghafla kama taa iliyozimwa ukutani, tafuta moto. Ikiwa ilianza kudhoofika, ikakohoa, ikavutavuta kwa mita mia mbili kabla ya kukata roho, tafuta petroli. Fikiri vizuri kabla hujajibu, maana jibu hilo litakuokolea siku mbili za kazi.

Upande wa petroli, mhalifu mkubwa ni kifuniko cha tanki. Kina kitundu cha kuingiza hewa. Kitundu kikiziba kwa rangi au kutu, petroli inashuka mpaka hewa ya juu inapungukiwa, halafu inagoma. Ukisimama, hewa inajipenyeza polepole na baada ya dakika kumi pikipiki inawaka kama haikuwa na neno. Kuthibitisha ni rahisi: inapozima, fungua kifuniko hapo hapo. Ukisikia tanki likivuta pumzi, fiii, umeshamaliza. Tanki lililopakwa rangi upya ndilo linaloongoza kwa ugonjwa huu.

Upande wa moto, nitasimulia ya kwangu. Nina BSA A10 ya 1958, silinda mbili, cc 646. Niliinunua ikiwa na karatasi inayosema magneto imefanyiwa kazi yote upya kwenye karakana moja ambayo jina lake nalihifadhi. Asubuhi iliwaka kiki ya pili. Nikashika njia ya Stratford, na baada ya maili kama kumi na mbili ikakatika, pap. Kifuniko cha tanki: hakikuvuta pumzi. Petroli: ipo. Nikaweka kiganja juu ya magneto, nikakiondoa upesi. Nikakaa kwenye nyasi nusu saa, nikapiga kiki, ikawaka. Ikanifikisha karibu na nyumbani, ikakatika tena.

Jioni nilifunga mlango wa banda nusu ili giza liingie, nikaacha mwanya wa moshi, nikaiwasha, nikaifungua pointi nikisubiri ipate joto. Mwanzoni pointi zilionyesha vicheche vidogo tu, hafifu, hiyo ni kawaida. Baada ya robo saa zikaanza kuwaka mwanga mweupe kama fundi wa kuchomelea, na injini ikaanza kumisi. Kondensa. Kazi yake ni kumeza ule umeme unaotaka kuruka pointi zinapofunguka, na ikichoka haimezi. Kwenye magneto ya K2F kondensa imefichwa ndani kabisa, imefungwa pamoja na waya uliosukwa, na kuifikia ni kuivunja magneto yote. Waliofanya "kazi yote upya" walisuka waya mpya, wakaona uvivu kubadilisha kondensa. Ya asili ikipata joto inavuja, ikipoa inapona, na inaweza kukuchezea hivyo miaka.

Kuna kaka yake huyu: pikipiki haizimi njiani, lakini ukiizima mwenyewe ikiwa ya moto, kiki haiiwashi. Ukiisukuma mteremkoni inawaka. Hapo magneto imechoka kwa ujumla, sumaku au waya. Mwendo wa mguu haitoshi, mwendo wa mteremko inatosha. Usiibembeleze, ipeleke kusukwa, na safari hii uliza kwa mdomo na kwa maandishi kama kondensa nayo itakuwa mpya.

Pikipiki ya koili nayo hukatika ikipata joto, koili ikiwa mbovu. Hiyo ni raha: funga nyingine, jaribu, umemaliza.

Inamisi, au haivuti vizuri

Kwenye silinda mbili, jua kwanza ni ipi. Washa kidogo, zima, gusa mabomba ya ekzosi kwa kitambaa chenye maji: kwenye bomba lililo hai maji yanachemka, kwenye lililokufa yanatulia. Badilishana plagi. Ubovu ukihama na plagi, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki pale pale, badilishana waya na kaboni zake. Ukibaki tena, ndipo ufikirie valvu, na tapeti ndizo za kwanza kutazamwa. Triumph Bonneville ya cc 650 inataka inchi 0.002 kwa valvu ya kuingiza na 0.004 kwa ya kutoa, injini ikiwa baridi kabisa. Ni mwanya mdogo sana. Fundi anayekisia kwa kidole anaacha valvu imefunguka kidogo, na valvu ya ekzosi isiyofunga inaungua.

Ikiwa silinda zote zinamisi na moto umeshaukagua, haya, sasa tuiongelee kabureta. Usiifungue bado. Bandika utepe kwenye mkono wa kuvutia mafuta, weka alama: imefungwa, moja ya nane, robo, robo tatu, mwisho. Endesha, tazama ubovu unatokea wapi. Kutoka imefungwa hadi moja ya nane inatawala pailoti, ile jeti ndogo ya mwendo wa polepole. Kutoka moja ya nane hadi robo ni ule mkato wa chini ya slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ukivuta mafuta. Robo hadi robo tatu ni sindano. Juu ya hapo ni jeti kubwa. Mtu anayebadilisha jeti kubwa kwa sababu injini haitulii ikiwa imesimama, anatibu mguu kwa maumivu ya jino.

Pailoti ndiyo huziba, hasa pikipiki ikilala na petroli ndani. Kwenye Amal za Monobloc, zilizoanza katikati ya miaka ya 1950, jeti yake inatolewa na kupulizwa. Kwenye Concentric, zilizoingia 1967, nyingi zina jeti iliyogongewa ndani na haitoki. Unaifuata kwa keko nyembamba ya inchi 0.016 iliyoshikwa kwa vidole, polepole, bila mashine. Dawa ya kupuliza peke yake huacha gome humo ndani na kukudanganya kwamba umesafisha.

Halafu kuna slaidi iliyolika. Shika slaidi kwa kidole ukiwa umeifunga: ikigongagonga mbele na nyuma, hewa inapita pembeni na hakuna skrubu itakayoituliza. Kuna pia ile flenji inayofunga kabureta kwenye injini. Aloi yake ni laini, mtu akikaza nati mbili kwa nguvu za kiume inapinda kama upinde, na kabureta inavuta hewa ya wizi. Iweke juu ya kioo utaona mwanga ukipita katikati. Laza msasa laini juu ya kioo hicho hicho, isugue kwa mizunguko mpaka iwe bapa, na safari hii kaza kwa adabu. Kama imelika mno, usihangaike: Amal mpya bado zinatengenezwa Uingereza.

Petroli yenyewe siku hizi ni tatizo. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huku ina hadi asilimia 10 ya ethanoli. Inakausha mipira ya zamani, inalainisha dawa iliyopakwa ndani ya tanki, na matanki ya fibaglasi ya baadhi ya Norton Commando inayayeyusha kabisa, kisha ule ute unanata kwenye slaidi na valvu.

Oili: chini, hewani, au haionekani

Waingereza wana mzaha kwamba isipovuja, ujue oili imekwisha. Mzaha huo umewafanya watu wavumilie uvujaji ambao una sababu. Futa injini yote, nyunyiza unga wa poda ya mtoto, endesha dakika kumi, tazama mstari unaanzia wapi. Oili hushuka na hurudi nyuma na upepo, kwa hiyo doa la chini kwa kawaida limetoka juu. Ikivuja kila mahali kwa pamoja, usibadilishe gasketi: pumzi ya injini imeziba na presha inatafuta pa kutokea.

Lakini kuna jambo moja la oili ambalo limeua injini nyingi kuliko uvujaji. Injini hizi hazihifadhi oili chini kama Boxer. Tanki liko pembeni, pampu inaleta, pampu inarudisha. Pikipiki ikilala wiki kadhaa, oili inapenya taratibu kwenye pampu na kujaa chini ya injini. Asubuhi unafungua tanki unakuta limekauka. Usiongeze! Oili ipo yote, imehama chumba tu. Ukiongeza lita moja na kuwasha, injini itatapika kila mahali, moshi utafunika mtaa, na majirani watapiga simu. Mwaga iliyo chini kwa bolti yake, irudishe tankini ikiwa safi, kisha washa na uchungulie kwenye mdomo wa tanki mpaka uione oili ikirudi kwa kurukaruka. Usipoiona ndani ya dakika moja, zima.

Wapo wanaofunga bomba la kufungulia na kufunga oili kati ya tanki na injini. Sishauri. Siku utakayosahau kulifungua ni siku moja tu, nayo inatosha kuinoki injini.

Moshi nao unaongea. Wingu moja kubwa unapowasha kisha likaisha ni hiyo oili iliyohama. Moshi wa bluu unapoachia mafuta ukishuka mlima ni gaidi za valvu, yaani vibomba vinavyoongoza valvu. Wa bluu unapovuta ukipanda ni ringi za pistoni. Mweusi si oili, ni petroli nyingi.

Inagonga

Mlio mwepesi wa kugonga wa asubuhi unaopotea injini ikipata joto ni pistoni, unaweza kuishi nao. Mlio wa vijiwe kwenye kopo ukipanda mlima ni moto unaowahi. Mlio mzito wa kugonga wa chini unaozidi ukivuta mafuta ni beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, na hapo unazima na kutafuta gari la kubebea.

Kwa silinda mbili za BSA na Triumph, sababu ya huo wa mwisho mara nyingi ni tope. Injini hizi hazikuwa na chujio la karatasi. Ndani ya krenki kuna mfereji uliowekwa makusudi ili uchafu wa oili ujirundike humo. Baada ya miaka, mfereji unajaa, na tundu la kupeleka oili kwenye beringi linaziba. Mtu ananunua pikipiki iliyolala, anatia oili ya kisasa yenye sabuni, oili inaanza kulainisha tope lile, kipande kinang'oka na kwenda kuziba. Ndiyo maana sifufui injini ya aina hii bila kuipasua, hata ikinguruma kama saa. Kizibo cha mfereji kimegongwa kando ili kisilegee. Toboa ile alama ya kugongwa, pasha joto, tumia bisibisi ya kugonga. Nilichokitoa kwenye A10 yangu kilijaa vijiko vinne: cheusi, kinachong'aa, kigumu kama halua iliyosahauliwa kabatini. Kwenye A10 pima pia bushi ya upande wa taimingi, kwa sababu oili yote ya konrodi inapita hapo kwanza. Ikilegea, presha inaishia njiani na konrodi ya upande wa pili ndiyo inayokufa njaa.

Taa na kuchaji

Lucas waliotengeneza umeme wa pikipiki hizi wametaniwa kwa kuitwa wakuu wa giza. Nawatetea: mara tisa katika kumi nimekuta ethi mbovu, yaani njia ya umeme kurudi betrini kupitia bodi. Tena pikipiki iliyofufuliwa vizuri ndiyo inayosumbua zaidi, kwani rangi mpya imefunika kila mahali ambapo chuma kiligusa chuma. Taa ya mbele inarudisha umeme kupitia beringi za usukani zilizojaa grisi. Vuta waya mmoja wa ethi kutoka ndani ya taa hadi kwenye betri, matatizo kadhaa yatatoweka siku hiyo hiyo.

Kumbuka pia kwamba nyingi zimefungwa chanya kwenye bodi, kinyume cha pikipiki zote unazozijua. Ukifunga betri kwa mazoea, kwenye pikipiki ya oltaneta umeunguza rektifaya, kinachogeuza umeme wa oltaneta ili uchaji betri, kabla hujawasha taa.

Dinamo isipochaji, chomoa waya zake mbili, D na F, unganisha vituo hivyo viwili kwa pamoja, pima volti kati yake na bodi huku injini ikipanda taratibu. Volti zikipanda haraka, dinamo ni nzima na regyuleta ndiyo mbovu. Zikikaa chini, tazama kaboni za dinamo kwanza. Na kama ililala muda mrefu, huenda imesahau sumaku yake: gusisha waya kutoka hasi ya betri kwenye F kwa sekunde moja, waya nyingine zikiwa nje. Imekumbuka.

Klachi na breki

Klachi iliyoganda asubuhi ndiyo inayofanya gia ya kwanza iingie kwa kishindo. Kabla ya kuwasha, vuta klachi na ukanyage kiki mara mbili tatu, pleti ziachane. Ikiendelea, fungua kifuniko, vuta klachi, zungusha kwa kiki na utazame pleti ya nje: ikiyumba kama sahani iliyopinda, kaza au legeza nati za springi moja moja mpaka inyanyuke sawa. Ikiteleza, angalia kwanza kama kebo ina mwanya, halafu oili uliyotia humo.

Breki za ngoma: legeza ekseli, kanyaga breki kwa nguvu, kaza ekseli ukiwa umekanyaga. Shuu zinajipanga zenyewe. Liningi za zamani zina asbesto, usipulize vumbi lake, lifute kwa kitambaa chenye maji.

Safari ya kwanza

Gia iko kulia, breki ya nyuma iko kushoto, na kwa baadhi gia ya kwanza iko juu. Triumph waliihamishia kushoto katikati ya miaka ya 1970 kwa sababu ya sheria za Marekani. Zunguka uwanjani kwanza. Mguu wako wa kulia utataka kufunga breki, na utakachopata ni gia.

Baada ya maili hamsini, acha injini ipoe, kaza tena kichwa cha silinda, pima tapeti upya. Kisha mwaga oili ingali vuguvugu kwenye karai jeupe na upitishe sumaku. Unga mwembamba wa kijivu unaonasa kwenye sumaku ni chuma kinachozoeana, usiogope, badilisha oili uendelee. Ukiona vimeta vya rangi ya shaba vinavyoikwepa sumaku, hiyo ni bushi, na injini inashuka tena.